Boga la Mzee Rudrappa na Mlango wa Pearland

Haya, wenzangu wa kikundi cha Ijumaa, nimerudi Garland, hapa kando ya Dallas, nimeoga, nimelala, na simu yangu imejaa. Kila mmoja anauliza lile lile: "Ee Mwanahawa, ulikuwa wapi na yule mzee wa Kihindi na boga?" Aliyewaambia habari ya boga simjui, ingawa mdogo wangu Zuhura namshuku. Nilijaribu kuwaeleza kwa sauti, nikaambiwa ujumbe wangu mrefu kuliko hotuba ya Idi. Basi naandika. Anayetaka asome, asiyetaka akapike.

Kwanza mumjue huyo mzee. Ni mjomba wa jirani yangu wa mkono wa kulia, jina lake Rudrappa, miaka sabini na tisa, mwembamba, shati jeupe limepigwa pasi hata mikunjo ya kola inakutazama. Kwao ni Karnataka, kusini ya India, na kazi yake ya maisha ni kutengeneza filamu kwa lugha yao, Kikannada. Ametengeneza kumi na tatu. Ya kumi na nne ilikatika miaka thelathini na miwili iliyopita, na imebakia picha moja tu haijapigwa: mwanamke anafungua mlango. Mwanamke mwenyewe, Kamakshi, aligombana naye, akaacha kazi, akaolewa, akaja zake Marekani. Sasa ni muuguzi, anakaa Pearland, kando ya Houston.

Mzee alimwandikia barua. Jibu lilikuja mistari miwili, na nimeiona kwa macho yangu: "Njoo Jumamosi asubuhi. Nitafungua mlango mara moja. Ukisema rudia, naufunga na haufunguki tena."

Ndege ya kutoka India ilimtikisa mzee mpaka akaapa hatapanda nyingine ila ya kurudi kwao. Mimi nilikuwa naenda Stafford, upande huo huo wa Houston, kumwona Zuhura. Jirani akaniomba nimchukue. Nikasema hilo tu? Kazi yangu kila siku ni kupeleka wazee kliniki kwa gari, nitashindwa na mmoja?

Kumbe.

Garland, kabla ya kutoka

Mzee alitoka na begi la kamera, kigoda cha kukunja, na boga kubwa la kijivu lenye unga mweupe juu, kama limepakwa poda ya mtoto. Begi akanipa nitie nyuma. Boga akalipakata mwenyewe kiti cha mbele, akalifunga na mkanda pamoja naye.

Nyinyi mnanijua, mdomo wangu haujui likizo. Mimi nimekulia Mombasa, Wahindi wa kule ni majirani zetu, na filamu zao tumezililia mpaka buibui zikarowa. Nikaona nimfurahishe mgeni. Nikammwagia Kihindi changu chote cha sinema, kutoka salamu mpaka maneno ya mapenzi, maana mengine siyajui.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia kwa Kiingereza, taratibu, "Hiyo lugha mimi naijua kama unavyoijua wewe. Kutoka kwetu mpaka kwao ni siku mbili kwa treni." Akaliweka boga sawa. "Na wewe ni Mwafrika. Bila shaka unasema Kizulu?"

Lo! Alinipata. Nikacheka mpaka nikazima gari. Naye akacheka, na tangu hapo akawa ananiita *tangi*, yaani dada mdogo kwa lugha yao. Umri wangu huu wa hamsini na nne, nani mwengine ameniita mdogo? Tukaendelea na Kiingereza, yeye na chake, mimi na changu. Mimi hapa nawaandikia kwa Kiswahili tu.

Boga nalo akanieleza. Kwa watu wa filamu kwao, siku ya picha ya mwisho huchukuliwa boga kama lile, likatiwa rangi nyekundu, likazungushwa mbele ya kamera na watu wote, kisha likabwagwa chini likapasuka. Husda na macho mabaya yote yanatoka nalo. Na boga lisipovunjwa, hakuna anayethubutu kusema filamu imekwisha.

"La filamu hii tulilinunua siku ile ile aliyoondoka Kamakshi," akasema. "Lilibaki barazani mpaka likaoza. Hakuna aliyetaka kulitupa. Hili ni la pili."

Mimi na dini yangu sikuingilia. Nikawasha gari.

Mpaka Corsicana

Safari ya Houston ni saa nne mtu akiwa na akili zake. Sisi ilituchukua saa tisa.

Mzee alitaka tusimame kila mahali. Hapa kuna mti, hapa kuna ng'ombe wamepanga foleni, hapa lazima aende msalani. Corsicana akataka chai, ikaletwa kikombe cha karatasi na kifuko kinaelea, akakitazama kama maiti. Nilikuwa na chupa yangu ya chai ya tangawizi na iliki, nikammiminia. Akanywa vikombe vitatu, na huko ndiko alikofungua kinywa.

Baba yake alikuwa tarishi wa posta. Mama yake alipikia watu wa sinema ya hema, ile inayohama mji hadi mji, watu wanakaa mchangani. Yeye akilala mbele kabisa, chini ya skrini, mpaka anakua alikuwa anadhani watu wote wa filamu wana pua kubwa na miguu mifupi. Akaanza kazi kwa kuandika majina kwenye mabango. Akapanda akawa mshika kibao, yule anayepiga "pa!" mbele ya kamera. Miaka kumi na mbili ya kupiga pa.

Filamu yake ya kwanza ilikuwa ya tarishi anayesoma barua za watu. Ilikaa wiki moja, na nusu ya waliokuja walikuwa matarishi. Ya pili ilikuwa ya mwanamke muuza maua, na hiyo ilipendwa, mpaka wauza maua wa sokoni wakawa hawataki kumlipisha mkewe shada la nywele. Baadaye wakubwa wakamtaka atie ngumi na nyimbo. Akakataa. Wakamwacha, wakamrudia, wakamwacha. Mkewe alifariki kabla filamu ya kumi na tatu haijatoka. Aliyasema haya yote akitazama nje, mkono juu ya boga.

"Na Kamakshi mligombana nini?" nikauliza. Mimi siulizi nusu.

"Nilimrudisha mara kumi na tisa," akasema. "Afungue mlango, amwone mume aliyempotea miaka mingi. Mara kumi na tisa nikasema rudia. Mwisho nikamwambia mbele ya watu wote kwamba mlango unaigiza vizuri kuliko yeye."

"Yarabi! Mzee!"

"Ndiyo."

"Na hujatafuta mwengine?"

"Sikutaka mwengine."

"Na sasa atakufungulia mara moja tu. Wewe ushawahi kukubali picha ya kwanza?"

Akafikiri kwa uaminifu kabisa. "Kamwe," akasema.

Wenzangu, tangu hapo wasiwasi ukawa wangu. Filamu si yangu, mlango si wangu, lakini nilikuwa nikishika usukani naomba dua.

Madisonville, mvua na tikiti

Karibu na Madisonville mvua ikatushukia, ile ya Texas isiyo na adabu, huoni hata pua ya gari lako. Nikaingia kwenye kibanda cha bwana mmoja anayeuza matikiti kando ya barabara. Mtu mzima, kofia pana, tumbo limetangulia. Akatukaribisha chini ya turubai, akatukatia tikiti bila kuuliza, akatupa na chumvi.

Mzee alishuka na boga lake. Hakuliacha garini hata dakika.

Yule bwana akaliangalia, akasikitika. "Ndugu," akamwambia mzee, "tikiti lako linaumwa. Limeota ukungu." Na kabla sijameza kilichokuwa mdomoni, akalichukua, akaanza kulifuta na kitambaa.

Mzee alipiga ukelele sijawahi kusikia kwa mtu wa shati lililopigwa pasi. Muuza matikiti akaruka, mimi nikapaliwa, mbegu zikatokea puani. Nikaingia kati kueleza: si tikiti, ni boga, na huo si ukungu, ndivyo lilivyo, na ni la filamu. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mwehu.

"Mtalila?" yule bwana akauliza.

"La, tutalivunja."

Akatutazama sisi wawili, akalitazama boga, ubavu mmoja unang'aa kijani. Akasema kwa upole, "Basi Mungu awabariki." Akatuongezea tikiti la kwenda nalo.

Tulipoondoka nilimwambia mzee, mvua imekatika kitambo, kwa nini tulikaa saa nzima zaidi? Akanionyesha ng'ombe wengine. Nikaanza kuhisi kitu, lakini nikakinyamazia, jambo ambalo mnajua hunipata mara moja kwa mwaka.

Stafford, kwa Zuhura

Tulifika kwa Zuhura alasiri imekwisha, msongamano wa Houston umeninyonya damu. Mlango wa mdogo wangu hata ukiwa wazi siingii bila kupiga hodi, marehemu mama alitufundisha kwa kofi. Nikasimama pale, "Hodi! Hodi wenyewe!"

"Karibu! Karibuni!" kutoka jikoni.

Mzee akataka kujua nimesema nini. Nikamweleza: kwetu mtu hasimami mlangoni kimya, anayesimama kimya ni mwizi. Unaita, unangoja uitikiwe. Ukiita mara tatu kimya, unarudi ulikotoka.

"Mara tatu tu?" akauliza.

"Si kila mtu ni wewe, Mzee."

Zuhura alikuwa ameandaa samaki wa kupaka. Nilikuwa nimemwambia mgeni hali nyama, naye akaniambia kwa uso mkavu, "Kwani samaki ni nyama?" Mzee akala wali na kachumbari na tikiti la yule bwana, akashukuru kama amekula karamu. Boga likawekwa jikoni, mahali penye baridi. Akalitazama mara ya mwisho, akaenda kulala mapema.

Asubuhi nikaamshwa na harufu. Wallahi, kabla sijafumbua macho nilijua. Nazi, iliki, na sukari kidogo.

Nikakimbilia jikoni. Zuhura yuko juu ya sufuria, anakoroga, anaimba.

"Zuhura, hiyo nini?"

"Boga la nazi. Lilikuwa na maji maji, si kama maboga yetu, lakini limekubali. Maskini mzee wa watu, kalibeba toka Dallas. Mgeni akikuletea kitu si unampikia akile nawe? Au nilitie friji kama sina adabu?"

Na kweli, nyie mnaonisoma, nani kati yenu angefanya vingine? Sote tungelipika. Kosa ni langu, nilieleza habari za boga kwa muuza matikiti nisiyemjua, mdogo wangu sikumwambia. Nikakaa kwenye kiti nikashika kichwa. Nilipomwambia, Zuhura akaachia mwiko, akaanza kulia.

Mzee akaingia, shati limeshapigwa pasi. Akaliona ganda kwenye pipa. Akatoa kijiko kwenye kabati mwenyewe, akaonja.

"Mama yangu alipika hivi," akasema. "Ila yeye alitia haradali." Akavuta kiti, akala bakuli mbili kwa mahamri. Kisha akaanza kucheka, na kile nilichokihisi Madisonville kikanijia chote. Nikamwambia, "Mzee, wewe umefurahi boga limepikwa."

Akaweka kijiko. "Tangi, nimebakiwa na picha moja katika maisha yangu. Boga likivunjika, kesho nitaamka kufanya nini?"

Zuhura alipangusa macho, akajaza boga lililobaki kwenye sufuria ndogo, akalifunika, akalifunga na kitambaa. "Si lenu?" akasema. "Nendeni nalo."

Pearland

Nyumba ya Kamakshi ni ya matofali, ua safi, mlango wa mbao rangi ya kahawia. Yeye hatukumwona. Kulikuwa na karatasi imebandikwa: "Niko ndani. Jitayarisheni. Mara moja."

Mzee akafunga kamera yake kwenye miguu mitatu. Mimi nikapewa maikrofoni iliyofungwa kwenye ufito, nisimame ubavuni mwa kamera, nimeuelekea mlango. Amri ilikuwa moja: nisitoe sauti. Mlio wa kugonga atautia baadaye. Hata nikipiga chafya, safari yote imekwenda na maji.

Akaita jambo kwa Kikannada, nikafahamu ndiyo kusema anza.

Mlango haukufunguka.

Tukangoja. Gari likapita. Ndege akalia, akaacha. Nikasikia nyuma ya mlango mtu anapumua, na kitasa kikagusika, kikaachiwa. Alikuwa pale pale, hatua moja kutoka kwetu, na hawezi. Nikamtazama mzee, jasho linamtiririka shingoni, jicho liko kwenye kamera. Mkono wangu unauma. Na mimi, mtoto wa Mombasa, nimesimama mlangoni kwa mwanamke wa watu, kimya, kama mwizi.

Wenzangu, sikukusudia. Lilitoka lenyewe.

"Hodi!"

Mlango ukafunguka.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mvi mbele, sari ya rangi ya samli. Uso wake ulikuja umefungwa kwa hasira, mtu aliyejiandaa miaka thelathini na miwili. Halafu akamwona mzee, jinsi alivyokonda, jinsi shati linavyomning'inia. Ile hasira ikamponyoka na hakujua aishike wapi. "*Banni*," akasema, neno lao la kumkaribisha mtu wa heshima, nalo halikuwemo kwenye filamu.

Nami nimeshaharibu kila kitu! Nilitamani ardhi inimeze na ufito wangu.

Mzee akainua kichwa kutoka kwenye kamera. Nikaona midomo yake inaanza kujikunja, lile neno liko pale, nalijua, amelisema maisha yake yote. Kamakshi naye akaliona. Mkono wake ukarudi kwenye kitasa.

Mzee akafumba mdomo.

"Sawa," akasema.

"Umesema nini?" Kamakshi akauliza.

"Nimesema sawa. Na sauti ya tangi na yako zibaki."

"Mara ya kwanza?"

"Ya ishirini." Akakaa kwenye ukingo wa maua. "Kamakshi, ulikuwa sawa tangu mara ya tatu. Niliona. Niliogopa tu filamu isije ikaisha. Na lile neno nililokuambia kuhusu mlango, nimeishi nalo kuliko ulivyoishi nalo wewe. Nisamehe."

Kamakshi akauliza, kavu kabisa, "Boga liko wapi?"

Mzee akanitazama. Mimi nikatazama ndara zangu.

"Limepikwa," nikasema.

"Limefanywa nini?"

"Kwa nazi."

Akaziba mdomo, mabega yakaanza kumtikisika. "Basi kalilete," akamwambia mzee. "Wewe mwenyewe."

Mzee akaenda garini. Kamakshi akanivuta ndani, akafunga mlango, akazungusha ufunguo. "Lile neno lako," akaninong'oneza, "lina maana gani? Na mtu anajibu nini?" Nikamweleza hodi, nikamweleza karibu. Akaegemea mlango, akangoja.

Tukasikia hatua. Mzee akagonga kwa kiwiko, maana mikono imeshika sufuria.

"Kwa tangi yako hawaingii bila kuita," Kamakshi akasema. "Ita."

Kutoka nje, kwa sauti ya mtu asiye na uhakika, "Hodi."

"Rudia," akasema Kamakshi.

"Hodi."

"Halina uhai. Rudia."

Mimi nilianza kuhesabu kwa vidole. Mara ya tano alikuwa bado anaona haya. Mara ya nane jirani alitoka kutazama, nikamwona dirishani. Mara ya kumi na moja mzee alianza kucheka huko nje, na Kamakshi huku ndani machozi yanamtoka, sijui ya nini na nadhani naye hakujua. Mara ya kumi na tano lilitoka vizuri hasa, la mtu wa Mombasa kabisa, nikasema huyo apite. Kamakshi akatikisa kichwa. "Rudia."

Mara ya kumi na tisa hakuliita kwa nguvu. Alilisema polepole, mdomo karibu na ubao.

Kamakshi akafuta uso kwa ncha ya sari, akafungua.

"Karibu," akamwambia.

Boga lilikuwa limepoa. Tulikaa watatu pale kizingitini, tukalivunja kwa vijiko.